Nyiragongo: Ukubwa wa sampuli na siku ambazo kinasa mitetemo kinaweza kukumbuka

Jioni ya Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, anga ya Goma iligeuka nyekundu. Volkano ya Nyiragongo, iliyoko kaskazini mwa mji huo wa mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilipasuka ubavuni na kumwaga lava iliyoteremka kuelekea mjini na kusimama karibu na uwanja wa ndege. Watu wasiopungua 30 walipoteza maisha, na maelfu ya wengine walivuka mpaka usiku uleule na kuingia Rubavu, upande huu wa Rwanda.

Mlipuko wenyewe ulidumu takriban saa sita. Hata hivyo ardhi haikutulia. Kwa siku kadhaa matetemeko yalifuatana, nyumba zikapata nyufa Goma na Rubavu, na tarehe 27 Mei mamlaka za Kongo zikaamuru wakazi wa sehemu kubwa ya Goma waondoke. Katika msafara huo wa watu wenye magodoro vichwani na watoto mgongoni, swali moja lilisikika tena na tena: je, mashine zinazoulinda mlima hazikuona kitu?

Jibu la swali hilo lina sehemu nyingi, na baadhi yake ni za kisayansi kabisa. Lakini ipo sehemu moja ambayo mara chache huelezwa kwa umma, nayo ni kumbukumbu ya mashine zenyewe. Kinasa mitetemo kilichofungwa mlimani kina nafasi yenye mpaka ya kuhifadhi kile inachokisikia ardhi. Muda ambao nafasi hiyo itatosha hutegemea kwa kiasi kikubwa jambo linaloonekana dogo, yaani ukubwa wa sampuli moja.

Mtetemo unavyogeuka kuwa tarakimu

Zamani mitetemo ya ardhi ilichorwa kwa kalamu juu ya karatasi iliyozungushwa kwenye pipa, na mlinzi wa kituo alibadilisha karatasi kila ilipojaa. Siku hizi kipima mtetemo hutoa umeme ambao nguvu yake hupanda na kushuka kadiri ardhi inavyotikisika. Umeme huo huingia katika kifaa kinachoupima mara nyingi kwa sekunde na kuandika kila kipimo kama tarakimu. Kila kipimo kimoja huitwa sampuli.

Mambo matatu huamua wingi wa tarakimu zinazozalishwa. La kwanza ni idadi ya sampuli katika sekunde moja. La pili ni idadi ya chaneli: kituo cha kawaida cha mitetemo huwa na tatu, moja ya mwendo wa juu na chini, moja ya kaskazini na kusini, na moja ya mashariki na magharibi. La tatu ni ukubwa wa sampuli yenyewe, yaani idadi ya biti zinazotumika kuandika kipimo kimoja.

Biti ni sifuri au moja. Biti 8 zinaweza kuandika viwango 256 tofauti. Biti 12 huandika viwango 4,096, biti 16 huandika 65,536, na biti 24 huandika viwango 16,777,216. Tuchukue kifaa kinachopima umeme kuanzia volti 10 hasi hadi volti 10 chanya. Kikitumia biti 12, hatua ndogo kabisa kinayoweza kuitofautisha ni karibu volti 0.005. Kikitumia biti 16, hatua hiyo hupungua hadi volti 0.0003 hivi. Kikitumia biti 24, hufikia takriban sehemu moja ya milioni ya volti. Kwa maneno mengine, kadiri biti zinavyoongezeka ndivyo rula inavyokuwa na mistari iliyo karibu zaidi.

Kwa nini biti 12 huchukua nafasi ya biti 16

Kumbukumbu za kompyuta hazigawanywi kwa biti mojamoja, bali kwa mafungu ya biti nane yaitwayo baiti. Sampuli ya biti 8 hutosha katika baiti moja. Sampuli ya biti 12 haitoshi katika baiti moja, na kwa kawaida vifaa haviigawi baiti ya pili nusu kwa nusu na sampuli inayofuata, kwa sababu kazi hiyo huchelewesha usomaji na uandishi. Basi hupewa baiti mbili kamili, na biti nne hubaki tupu. Ni kama muuzaji anayepima unga kwa kibaba na nusu lakini ana mifuko ya kibaba kimoja tu: kila mteja atapewa mifuko miwili.

Kutokana na hilo, kutoka biti 8 kwenda biti 12 huongeza matumizi ya kumbukumbu maradufu, ilhali kutoka biti 12 kwenda biti 16 hakuongezi chochote. Vivyo hivyo, sampuli ya biti 24 inaweza kuhifadhiwa kwa baiti tatu, lakini vifaa vingi huiweka katika baiti nne, maana vichakato vyao husoma kwa urahisi mafungu ya baiti mbili, nne au nane. Anayenunua kifaa akisoma tu idadi ya biti bila kuuliza kila sampuli inachukua baiti ngapi, anaweza kukosea hesabu ya kumbukumbu yake kwa theluthi moja.

Hesabu ya kituo kimoja

Tufanye hesabu ya kituo chenye chaneli tatu, kinachochukua sampuli 100 kwa sekunde katika kila chaneli. Hizo ni sampuli 300 kwa sekunde. Siku moja ina sekunde 86,400, hivyo kwa siku kituo huzalisha sampuli 25,920,000.

Sampuli moja ikiwa na baiti mbili, kituo kitajaza karibu megabaiti 52 kwa siku. Ikiwa na baiti tatu, kitajaza karibu megabaiti 78. Ikiwa na baiti nne, kitajaza karibu megabaiti 104. Waswahili husema haba na haba hujaza kibaba, na kumbukumbu nayo hujaa vivyo hivyo.

Kinasa chenye kumbukumbu ya gigabaiti 4, ambacho miaka michache iliyopita kilikuwa kifaa cha kujivunia, kitahifadhi siku 77 kwa sampuli za baiti mbili, siku 51 kwa sampuli za baiti tatu, na siku 38 kwa sampuli za baiti nne. Mlima ni uleule, kipima mtetemo ni kilekile, na idadi ya sampuli kwa sekunde haikubadilika. Kilichobadilika ni ukubwa wa sampuli tu, na siku za kumbukumbu zimepungua kwa nusu.

Kumbukumbu inapojaa, vifaa hufuata njia moja kati ya mbili. Vingine huacha kunasa, na kuanzia hapo mlima unaweza kufanya lolote bila kuandikwa. Vingine hufuta data za zamani zaidi ili kupata nafasi ya data mpya. Njia ya pili ndiyo inayotumika sana katika ulinzi wa volkano, lakini nayo ina gharama: atakayefika kituoni baada ya siku 50 kwenye kinasa cha siku 38 atakuta siku 12 za mwanzo zimepotea moja kwa moja.

Kwa nini basi wasitumie sampuli ndogo?

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa sampuli ndogo huongeza siku, kwa nini wataalamu hung'ang'ania biti 24? Sababu ni kwamba ardhi huzungumza kwa sauti zilizo mbali sana kwa ukubwa. Mnong'ono wa magma inayosogea kilomita kadhaa chini ya miguu yetu ni mdogo mno. Tetemeko linalopasua kuta za nyumba Rubavu ni kubwa kuliko mnong'ono huo mara nyingi sana. Kinasa kimoja kinatakiwa kuvisikia vyote viwili.

Rula yenye viwango 65,536 humlazimisha fundi achague. Akiiweka isikie minong'ono, tetemeko kubwa litazidi mwisho wa rula na kuandikwa kama mstari uliokatwa kichwa, ambao hauwezi kutumika kukadiria ukubwa wa tetemeko. Akiiweka ipokee matetemeko makubwa, minong'ono itapotea kati ya mstari na mstari. Biti 24 hupunguza sana ulazima huo wa kuchagua.

Hata hivyo, biti zote 24 si maarifa. Kila kifaa cha umeme kina kelele yake ya ndani, na biti za chini kabisa za sampuli ya biti 24 huandika kelele hiyo badala ya ardhi. Katika eneo la Virunga pana kelele nyingine pia. Nyiragongo kwa miongo mingi imekuwa na ziwa la lava katika kreta yake, na lava inayochemka hutikisa ardhi bila kupumzika. Nyamulagira, volkano jirani yake, nayo hulipuka mara kwa mara. Zaidi ya hayo kuna malori, radi na mawimbi ya Ziwa Kivu. Fundi mwenye hekima hupima kwanza kelele ya mahali, ndipo aamue ni biti ngapi zinabeba habari na ngapi zinabeba uzito mtupu.

Idadi ya sampuli kwa sekunde nayo huamuliwa kwa namna hiyohiyo. Ili kunasa mtikisiko unaojirudia mara fulani kwa sekunde, ni lazima kuupima zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo. Mitikisiko mingi ya volkano hujirudia chini ya mara 20 kwa sekunde, na sampuli 100 huitosheleza. Kuongeza hadi 200 kutazidisha data maradufu, lakini mara nyingi hakutaonyesha jambo jipya kuhusu mlima.

Kubana data, na siku mlima unapopiga kelele

Wahandisi wamepata njia ya kupunguza mzigo. Badala ya kuandika kila kipimo kizima, kinasa huandika tofauti kati ya kipimo kimoja na kinachofuata. Tuseme vipimo vitatu vinavyofuatana ni 105,210, kisha 105,214, kisha 105,209. Kipimo cha kwanza huandikwa chote, na baada yake huandikwa tu "ongeza 4" na "punguza 5". Tofauti ndogo kama hizo hutosha katika biti nne, mahali ambapo kipimo kizima kingehitaji biti 24. Hakuna kinachopotea, kwa kuwa msomaji wa data anaweza kujumlisha tofauti hizo na kupata vipimo vya awali bila kasoro.

Kwa njia hiyo, kinasa cha siku 38 kinaweza kudumu zaidi ya miezi miwili au mitatu mlima ukiwa umetulia. Lakini hapo ndipo ulipo mtego. Mlima ukianza kutikisika kwa nguvu, tofauti kati ya kipimo na kipimo huwa za maelfu, na haziwezi tena kuingia katika biti chache. Data hazibaniki, na kumbukumbu huanza kujaa upesi katika siku zilezile ambazo wataalamu wanazihitaji kuliko siku nyingine zote. Biti za chini zenye kelele nazo hazibaniki kamwe, kwa sababu kelele haina mpangilio. Kwa hiyo anayepanga kituo hatakiwi kuhesabu siku kwa kutumia mlima uliolala, bali kwa kutumia mlima ulioamka.

Njia nyingine ni kunasa tetemeko linapotokea tu. Kinasa husikiliza muda wote, lakini huhifadhi sekunde 60, kwa mfano, pale mtikisiko unapovuka kiwango fulani. Tukio moja la namna hiyo, kwa chaneli tatu, sampuli 200 kwa sekunde na baiti nne kwa sampuli, huchukua baiti 144,000 tu. Njia hii inafaa sana kwa kupima jinsi majengo yanavyotikiswa na matetemeko makubwa. Kwa volkano ina kasoro, kwani mtetemo wa polepole unaokua kidogokidogo kwa saa nyingi hauvuki kiwango chochote kwa ghafla, na unaweza kupita bila kuhifadhiwa.

Kumbukumbu ndogo iliyo mbele ya kadi

Mpaka hapa tumezungumzia kadi ya kuhifadhia. Kadi za leo ni kubwa na bei yake imeshuka. Kadi ya gigabaiti 32 ingetosheleza kituo chetu cha mfano kwa siku 308 hata kwa sampuli za baiti nne. Je, tatizo limekwisha? Bado.

Ndani ya kinasa kuna kumbukumbu nyingine, ndogo na yenye kasi, ambamo sampuli husubiri kabla ya kuandikwa katika kadi. Kuandika katika kadi hutumia umeme, na kituo cha mlimani huishi kwa paneli ya sola na betri. Katika msimu wa mawingu kila tone la umeme lina thamani. Ndiyo maana kinasa hukusanya sampuli kwanza, kisha huziandika kwa mkupuo.

Kumbukumbu hiyo ya kusubiria ikiwa na megabaiti moja, na sampuli zikiwa za baiti nne, itajaa kila baada ya dakika 14 hivi. Sampuli zikiwa za baiti mbili, itajaa kila baada ya dakika 28. Sampuli kubwa humaanisha kadi kuandikwa mara nyingi zaidi na betri kuchoka mapema. Upande wa pili, kumbukumbu ya kusubiria hupoteza yote iliyobeba umeme unapokatika. Lava ikifunika kituo, au mwizi akiiba betri, dakika za mwisho ambazo hazijaandikwa ndizo zinazopotea.

Dakika hizo si jambo dogo. Utafiti wa kimataifa kuhusu mlipuko wa Mei 2021, uliochapishwa mwaka 2022, ulionyesha kwamba dalili zilizo wazi katika mitetemo zilijitokeza chini ya saa moja kabla ya lava kutoka.

Mtandao unaporudi

Kumbukumbu ya kituo hupata thamani yake kamili mawasiliano yanapokatika. Kwa miezi kadhaa kabla ya mlipuko wa 2021, Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma kilikosa intaneti ya kupokea data za vituo vya mbali baada ya ufadhili kumalizika, na mawasiliano yalirejea mwezi Aprili mwaka huo. Katika hali kama hiyo, chochote kisichobaki katika kumbukumbu ya kituo chenyewe hakipo popote.

Na mtandao ukirudi, ukubwa wa sampuli hudai haki yake tena. Kituo chetu cha mfano chenye sampuli za baiti nne huzalisha biti 9,600 kwa sekunde. Tuseme njia ya redio inayokiunganisha na mji inaweza kubeba biti 19,200 kwa sekunde. Nusu ya njia itabeba data za sasa, na nusu iliyobaki itabeba data zilizolimbikizwa. Mawasiliano yakikatika kwa siku kumi, kituo kitahitaji siku nyingine kumi kulipa deni hilo. Kwa sampuli za baiti mbili, deni la siku kumi lingelipwa kwa siku tatu na theluthi. Kwa mtaalamu anayetakiwa kuishauri serikali kama watu wabaki au waondoke, tofauti hiyo ni kubwa.

Yaliyojulikana, na yanayofaa kuulizwa

Ni lazima tuseme ukweli kuhusu mwaka 2021. Hakuna ushahidi kwamba kumbukumbu kubwa zaidi ingeutabiri mlipuko ule. Utafiti tulioutaja ulihitimisha kwamba ubavu wa mlima ulipasuka bila dalili za kawaida za siku au wiki kabla, kwa kuwa magma ilikuwa tayari karibu na uso wa ardhi. Kilichosaidiwa na data ni siku zilizofuata. Mitetemo, pamoja na vipimo vya setilaiti, ilionyesha kwamba magma ilikuwa ikisogea chini ya Goma na kuelekea chini ya Ziwa Kivu. Maarifa hayo yalihitaji mfululizo wa data usiokatika kutoka vituo vingi, vikiwemo vya mtandao wa KivuSNet, wenye vituo Kongo na pia Rwanda.

Hali hiyo ni tofauti sana na ya Januari 2002, lava ilipoingia katikati ya Goma na mamia ya maelfu ya watu kukimbilia Rwanda. Wakati ule vituo viwili tu vya mitetemo ndivyo vilivyokuwa vikifanya kazi karibu na mlima. Leo tatizo halipo tena katika uhaba wa mashine pekee, bali pia katika jinsi zinavyopangwa: biti ngapi kwa sampuli, sampuli ngapi kwa sekunde, kadi ya ukubwa gani, na njia ipi ya kuzifikisha data mjini.

Kwa hiyo, siku wakazi wa Goma au Rubavu watakapoambiwa kwamba data za kituo fulani hazikupatikana, inafaa waulize maswali matatu. Je, mtetemo haukupimwa? Ulipimwa lakini ukafutwa kwa kukosa nafasi? Au umehifadhiwa na bado unasubiri zamu yake ya kutumwa? La kwanza huhitaji kipima mtetemo kipya. La pili huhitaji kadi kubwa zaidi, au sampuli iliyochaguliwa kwa uangalifu zaidi. La tatu huhitaji njia pana zaidi ya mawasiliano, pamoja na mtu wa kulipia ada yake kila mwezi.